Ubao Nisioukwangua

Fotunata mwanangu,

Mmetoka sasa hivi wewe na mama yako kwenda Rahaleo kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua shangazi, hamtarudi kabla ya magharibi. Ndiyo nafasi niliyokuwa naivizia wiki nzima. Begi lako liko hapa sebuleni, mlilifunga vizuri, na mimi nimelifungua. Usikasirike bado. Hasira iweke akiba, utaihitaji mbele kidogo.

Mambo ya sweta, ya pasi ya kusafiria, ya kutopokea mizigo ya watu usiowajua uwanjani, mama yako ameshayasema mara tatu na kesho atayasema ya nne. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa miaka tisa. Mwalimu mzima, mtu wa kusimama mbele ya darasa la watoto sitini na kwaya ya watu arobaini, nikifika mbele yako kwa jambo hili nakuwa bubu.

Nianze na barua ya mwalimu wako wa huko unakokwenda, ile uliyotusomea mezani huku unatafsiri na kucheka kwa furaha. Alisema amesikiliza sauti ulizorekodi kwa simu, zile mbao saba za dimbila, ile marimba ya Babu Salumu, ulizozigonga moja moja. Akasema ameshangaa sana. Dimbila ya wazee wa mpakani, watu ambao hawakusoma nota hata siku moja, inafuata ngazi ileile ya kinanda, do mpaka ti, bila kupotea. Akasema hilo ni jambo kubwa na atapenda mlifanyie kazi pamoja. Mama yako akapiga kigelegele. Wewe ukanigeukia, ukasema, "Umeona, Baba? Ya Babu nayo ni klasiki!" Mimi nikainamisha kichwa nikaendelea kuchambua miba ya samaki. Ulidhani nimeona haya kwa sababu umenishinda kwenye ule ubishi wetu wa siku zote. Haya niliona, ndiyo, lakini si kwa hilo.

Mbao zile hazikuwa hivyo, mwanangu. Nilizikwangua mimi.

Wewe ulimjua Mjomba Salumu akiwa babu msahaulifu anayekuja mjini kwa ajili ya kliniki ya macho. Mimi nilimjua akiwa na mikono miwili yenye akili kuliko vichwa vya watu wengi. Alikuwa kaka wa mama yangu, mwenye shamba la mikorosho na muhogo kule njia ya Kilambo, na ulimi mkali kama upupu. Dimbila yake ilikuwa mbao nane za mninga. Alizilaza juu ya mashina mawili ya mgomba, akakaa upande mmoja na fimbo zake mbili, halafu akaniita, "Kaa upande ule." Maana dimbila haipigwi na mtu mmoja. Wanakaa wawili wakitazamana, mbao katikati, huyu anauliza na yule anajibu. Nilikuwa mtu wa upande ule tangu nina miaka saba mpaka nilipokwenda chuo cha ualimu. Kwetu cha mjomba ni cha mpwa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa aliponifundisha mimi akawaacha watoto wake wa kuzaa.

Ubao mrefu kuliko yote haukuchongwa na yeye. Aliupata kwa mjomba wake, na huyo mjomba alivuka nao Ruvuma kutoka ng'ambo, akiwa kijana. Ubao mwingine ukipasuka, Mjomba alichonga mpya kwa kuufuata ule mrefu. Aliugonga, akasikiliza, akakwangua kidogo ule mpya kwa chini, akagonga tena. Ubao mmoja ungeweza kumchukua siku nne. Nikimwuliza kwa nini asimalize upesi, alisema, "Huyu ndo nkubwa wao. Wenzake wanamfuata yeye, hawafuati haraka yako."

Na alikuwa na mgawanyo wake, nataka uujue huu kwa sababu sikuwahi kukuambia. Alisema kuna ngoma ya kuchezea na kuna ngoma ya kukalia. Ya kuchezea kila mtu anaiweza, na aliipenda, hasa ikiwa arusini na yeye ameshakula. Ya kukalia ilikuwa na mwanzo wake, na katikati yake, na mahali ambapo mtu wa upande ule haruhusiwi kuingia mpaka aitwe. Mtu akinyanyuka kwenda zake katikati ya ngoma ya kukalia, Mjomba aliweka fimbo chini na siku hiyo imekwisha. Kulikuwa na moja iliyoanza baada ya alasiri ikaisha kwa adhana ya magharibi. Nilikuwa naiweza yote.

Kisha nikaenda chuo. Mkufunzi wetu wa muziki alikuwa na redio ya kaseti, na siku moja alituwekea muziki wa Ulaya wa vinanda na fidla nyingi, watu labda themanini wakipumua kwa pamoja. Nililia darasani, Fotunata, wenzangu wakanicheka muhula mzima. Sijutii machozi yale hata leo. Ubaya ulikuja na somo lililofuata. Tuliandikishwa kwenye daftari kwamba muziki wa klasiki ni ule uliodumu vizazi vingi, wenye kanuni, unaohitaji miaka ya kujifunza, na unaosikilizwa kwa utulivu. Nikaandika kwa mwandiko mzuri, nikapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Niliyeandika ni mpwa wa Salumu, niliyekaa upande ule miaka kumi na tatu, na haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba maneno yale yanamhusu mtu ninayemjua. Uliodumu, wenye kanuni, unaofundishwa kwa miaka, unaokaliwa kimya. Nyani haoni kundule.

Na kwa kuwa nimemtaja nyani, nitamalizia habari zake hapahapa. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nakufundisha kinanda sebuleni, na nilikupa maneno yaleyale ya daftari langu la chuo. Ukauliza, "Na ya Babu Salumu je?" Nikacheka. Nikasema, "Ile ni ya kufukuzia nyani shambani." Ni kweli wakati wa mahindi mabichi tuliipiga ili nyani na nguruwe wasisogee, lakini kuisema hivyo ni sawa na kusema msikiti ni mahali pa kujikinga na mvua. Mjomba alikuwa barazani, mlango uko wazi. Akajibu kwa sauti yake ileile ya utani, "Kweli kabisa. Ila wale nyani wengine walikuwa wanakaa kusikiliza." Ukacheka mpaka ukashuka kwenye kiti. Mimi nikafunga mlango, nikasingizia upepo.

Sasa nifike kwenye jubilei ya kwaya. Nilitaka kitu kipya wakati wa matoleo, na siku hizo ilikuwa imeanza kupendeza kuingiza vyombo vya asili kanisani. Nikamwendea Mjomba, nikamwomba dimbila kwa wiki mbili za mazoezi, na yeye mwenyewe aje siku ile apige, wewe ukae upande ule. Yeye Mwislamu wa swala tano, hakusita. Akasema, "Zichukue. Si za kwako?"

Nikazileta nyumbani, nikaziweka kando ya kinanda. Hazikuelewana hata kidogo. Nilichosikia mimi ni ubovu. Ningeweza kufunga kinanda, tukapiga dimbila peke yake. Ningeweza kumwuliza mwenyewe. Nilichofanya ni kwenda kuazima randa na tupa kwa jirani. Nilianza na ubao wa kwanza kwa woga, wa pili kwa ujasiri, na kufika wa tano nilikuwa napiga mluzi. Saba zilikubali. Ule wa nane, ule mrefu, ulikuwa hauingii popote, si do ya chini wala si ti, basi nikauweka pembeni. Baadaye mlango wa banda la kuku ulikuwa haukai, nikauegemeza pale.

Wewe ulijifunza kwenye zile saba zilizokwanguliwa, ndiyo maana hukuona tofauti. Usijilaumu kwa hilo.

Siku yenyewe unaikumbuka upande wako, acha nikuambie upande wangu. Mjomba aliingia kanisani na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia mpya. Akakaa chini, mkatazamana. Akagonga ubao wa kwanza. Akagonga wa pili. Akarudi kwenye wa kwanza, kama mtu aliyeingia chumbani kwake gizani akakuta kitanda kimehamishwa. Watu waliokuwa wakienda kutoa sadaka wakaanza kupunguza mwendo. Akauinua ubao, akapitisha kidole gumba kwa chini, akakuta mti mbichi pale nilipopita na tupa. Hapo akainua macho, akanitazama mimi kwenye kinanda.

Ningeweza kusema lolote. Nilivuta kipaza sauti nikasema, "Mzee wetu amesahau kidogo, tumpigie makofi." Kanisa zima likacheka, kicheko chema cha watu wanaompenda mzee, na makofi yakapigwa. Mjomba akanitazama kidogo zaidi. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akakupa fimbo zake, akasema, "Piga wewe mama, mimi kweli nimesahau."

Ukapiga vizuri sana. Watu walikusifu, na mimi nilipokea sifa zako mlangoni mwa kanisa kwa mikono miwili.

Babu yako hakusahau kitu, Fotunata. Si siku ile wala siku yoyote.

Lakini wewe uliamini, na ukaingiwa na huruma. Kila alipokuja mjini ulikata mashina ya mgomba, ukazipanga mbao saba barazani, ukamkalisha. "Babu, weka hapa. Sasa hapa. Umeona? Tena." Ulimfundisha nyimbo za kanisani, zile za do re mi nilizokufundisha mimi, na yeye aligonga kwa utii, akakosea pale alipoona utafurahi kumsahihisha. Mtu aliyekuwa na ngoma ya kukalia kutoka alasiri hadi magharibi alikubali kuwa mwanafunzi mzito wa mtoto wa miaka kumi na mmoja, kwa miaka minne. Mimi nilikuwa napita na gazeti langu. Mama yako alikuwa akisema, "Masikini mzee, umri huo." Nami naitikia, "Umri, mke wangu."

Mwaka ule kabla hajafariki nilimpelekea maboga kule shambani, nikafika bila hodi kwa sababu nilisikia mlio. Alikuwa nyuma ya jiko, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anagonga ukingo wa kinu kitupu kwa fimbo mbili. Kinu kina mlio mmoja tu, au miwili ukibahatika. Alipofika pahala ambapo kinu hakina sauti, aliimba kwa pua. Nilijua ni ipi baada ya mapigo manne. Ilikuwa ile ndefu. Aliipiga yote, hakuruka mahali, na kila ulipofika wakati wa mtu wa upande ule, alinyamaza kwa kipimo kamili, akangoja, kisha akaendelea. Nilisimama nyuma ya ukuta wa udongo mpaka ikaisha, na mikono yangu ilikuwa inajua pa kuingia.

Nikajitokeza. Nikamwuliza, "Mjomba, kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba niliziharibu mimi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nzee kusahau si aibu. Mwalimu kukosea, hiyo ndo aibu. Zilikuwa mbili pale, nikachukua nyepesi, nikaibeba mimi." Akapapasa chini kutafuta fimbo iliyoanguka, macho yake yalikuwa yameshafifia. Kisha akasema, "Ila huyu ntoto umwambie. Siku anaondoka kwako, umwambie. Asiende kwa watu na maneno ya uongo mdomoni."

Nikaahidi.

"Na nkubwa wao yupo wapi?"

Nikasema, "Yupo, nimemhifadhi." Wakati huo alikuwa anashikilia mlango wa kuku.

Unaona sasa kwa nini nilikuwa natafuna samaki bila kumeza. Kwenye maombi yako ya chuo uliandika kwamba babu yako alisahau muziki wake wote siku moja mbele ya watu, na kwamba wewe unataka kusoma ili usipotee mwingine kwa namna hiyo. Ulinipa nikusomee kabla ya kutuma. Nilirekebisha koma mbili na herufi kubwa moja. Koma, mwanangu! Nilikuwa na kalamu mkononi na uongo wangu uko mbele yangu kwa mwandiko wako mzuri, nikaona tatizo ni koma.

Nimejaribu kulipa kimyakimya, kama ilivyo kawaida ya waoga. Miezi hii miwili, vile vikao vya kwaya vya Jumamosi havikuwapo. Nilikuwa Mikindani kwa fundi seremala mmoja, nimenunua mninga, nimeuweka ule ubao mrefu mbele yangu baada ya kuusugua kwa maji ya moto, nachonga mbao saba mpya ili nikukabidhi dimbila ya kweli uondoke nayo. Nimeharibu kumi na moja. Nagonga ule mrefu, nasikiliza, nakwangua, nagonga, na kila nikidhani nimefika, sikio langu limeshaupeleka ubao kwenye mi au kwenye so. Mikono inakumbuka, sikio limekataa. Nilichomwambia kanisa zima kuhusu Mjomba kimenipata mimi. Fundi aliniambia kwa heshima, "Mwalimu, kwa nini usipime kwa kinanda tu?" Nikafungasha vitu vyangu.

Sikuandikii ili unihurumie. Naandika kwa sababu kesho unapanda ndege, na yule mwalimu wa huko anakungoja ili mfanye kazi juu ya ajabu ambayo ni randa yangu na tupa ya jirani. Inabidi umwambie. Huenda hamu yake ikapungua. Huenda ukabaki huna la kuanzia, na hilo nalo nimekufanyia mimi. Nimefikiria kukuacha uende tu, nani angejua? Mjomba amelala, na mimi ninajua kunyamaza. Lakini yeye aliibeba aibu yangu kwa hiari yake. Wewe ningekubebesha bila kujua, na mbele ya watu waliosoma.

Kuhusu ule ubishi wetu, juzi ulisema hakuna kitu kinachoitwa klasiki, kuna wenye nguvu ya kuita majina tu. Nilikasirika kwa mazoea. Nikiwaza leo, naona una haki nusu. Ila Mjomba, ambaye hakuwa na nguvu ya kuita jina la kitu chochote, alikuwa anatenga, na alitenga kwa ukali kuliko mimi. Alijua ipi ya kuchezea na ipi ya kukalia. Sikuwahi kumwuliza alijuaje, kwa kuwa nilikuwa na daftari lenye mstari mwekundu. Ukiwapata huko wenye kujua yao kwa namna ile, wapende, nami nitafurahi ukilia darasani kama nilivyolia. Kinanda hakijanikosea kitu. Mimi ndiye niliyekifanya rula.

Sasa begi. Chini kabisa, chini ya korosho za shangazi na unga wa muhogo, nimeweka ule ubao mrefu, nimeufunga kwenye kitenge cha bibi yako, mama yangu mimi, dada yake Salumu. Nimetoa viatu vyako vile vyeusi ili uzito usizidi, vitakuja na mtu mwingine. Ubao una kovu dogo la mlango upande mmoja, na ukinusa vizuri kuku hawajaisha kabisa. Lakini kwa chini haujaguswa. Ni sauti moja iliyobaki, na Mjomba alizipata nyingine zote kutoka kwake. Sijui kama sikio lako litaweza, maana nililianza mapema kulifundisha yangu. Lakini wewe ni kijana, na ng'ambo ya Kilambo bado kuna wazee wa ukoo ule. Ukirudi likizo tutavuka pamoja tukawaulize, na nitakaa nyuma.

Usiupime kwa mashine kwanza. Ugonge, ukae, ugonge tena.

Na siku utakapokuwa tayari, hata ikiwa ni baada ya mwaka, nipigie simu. Usiniamkie, usiniulize habari za nyumbani, usiniambie kama umenisamehe au bado. Weka simu mezani, ugonge ubao mara moja, uuache mpaka unyamaze wenyewe.

Mimi huku nitakuwa nimekaa upande ule.

Baba yako